Usafi wa Idi Ukingoni

Kazija binti Faki hakuwa mvunja kanuni, ila lile vumbi lilikuwa linamtia wazimu.

Ilikuwa ishirini na tisa Ramadhani. Kwao Kidongoni, kisiwani Pemba, siku hiyo hakuna kitu kinachobaki mahali pake. Magodoro yanaanikwa, mapazia yanafuliwa, kuta zinapakwa chokaa, masufuria yanasuguliwa kwa mchanga mpaka mtu aweze kujitazama humo achane nywele, na paka mwenye akili zake huhamia kwa jirani. Mama yake alikuwa akisema Idi haiingii nyumba yenye vumbi. Sasa mtu aliyelelewa hivyo umpeleke akaishi juu ya Mwezi, mahali ambapo hata hewa hakuna lakini vumbi lipo la kumwaga, unategemea nini?

Na vumbi lenyewe korofi. Mji wa Ukingoni, watu mia tisa kwa jumla, ulijengwa pale Mwezi unapopinda kuiacha Dunia. Huko usiku ni wiki mbili na mchana ni wiki mbili. Jua linapochomoza baada ya usiku ule mrefu, vumbi hushika umeme, hunyanyuka lenyewe bila upepo wowote, likaenda kujibandika kwenye vioo. Na vioo ndiyo roho ya mji. Viko elfu nne, kila kimoja kipana kama kiwanja cha mpira, vimefuatana na reli kilomita elfu moja kando ya ukingo. Mchana kutwa hulikusanya jua na kulimimina kwenye matangi ya chumvi. Chumvi huyeyuka ikawa kama uji unaochemka, na joto lake ndilo linalowalea watu, mchicha na kuku usiku mzima. Kioo kikishika vumbi tangi hupoa, na tangi likipoa kuku hawatagi.

Kazija ndiye aliyekuwa na dhamana ya vioo. Kanuni ilisema vilazwe chali na kutikiswa mia mia, kundi baada ya kundi, kazi ya siku tatu. Yeye alikuwa amefika kundi la kumi na moja tu, makundi ishirini na tisa yamebaki, na Idi iko mlangoni.

"Bwana Shaame," alimwita mkuu wa kituo, "hii mia mia iliwekwa kwa sababu gani?"

Shaame alikuwa mtu wa Makunduchi, mnene, mcheshi, na tangu asubuhi mawazo yake yalikuwa kwenye biriani. "Walioandika walikuwa waoga wa umeme. Kwani wataka kuvilaza vyote?"

"Vyote. Saa moja tu. Nivitikise, niviinue, nikapike."

"Mie sijasikia kitu," alisema Shaame, akageuza kiti chake akatazama ukutani. Ndivyo alivyo huyo bwana: ruhusa yake huitoa kwa mgongo.

*

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni Kazija alikaa kwenye kiti chake katika chumba cha vioo, upande wa kusini wa reli. Nasema jioni kwa saa za Afrika Mashariki, maana ndizo zinazofuatwa Ukingoni. Wanaofunga nao hufuata magharibi ya Pemba. Ukisema ungoje jua la Mwezi lichwe ndipo ufuturu, utazikwa na kiu yako.

Dirishani jua lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia mashariki, limelala chini kabisa. Magharibi, chini vile vile, ilikaa Dunia, duara kamili, buluu, imejaa. Watu wageni hushangaa sana jambo hilo. Mwezi na Dunia hupokezana: Duniani wakiwa na mwezi mchanga usioonekana, Ukingoni huitazama Dunia iliyopevuka, na Duniani wakicheza mbalamwezi, Ukingoni Dunia imezima yote. Kwa hiyo wafungaji wa Ukingoni walikuwa na shida yao ya pekee. Huwezi kuutafuta mwezi nawe umeukanyaga. Walibishana mwaka mzima wa kwanza, mpaka wakakubaliana: ukionekana pwani ya nyumbani, nao wamo.

Mlango ulifunguka, akaingia Mutheu na kikombe cha chai mkononi. Mutheu alikuwa Mkamba wa Machakos, mpimaji wa umbali, na rafiki wa Kazija tangu siku walipopanda chombo kimoja kuja huku, wakatapika kwenye mfuko mmoja.

"Laki nne, elfu sita na mia mbili," alitangaza.

"Ya nini hiyo?"

"Kilomita, dada. Kutoka hapa mpaka kwenu. Nimepiga mwanga sasa hivi, umeenda na kurudi kwa sekunde mbili nukta saba. Leo tuko mbali kabisa. Wiki mbili zijazo tutakuwa tumesogea karibu kilomita elfu arobaini na tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Mwezi ukiwa mbali hutembea kwa uvivu. Leo umeachana na jua kidogo tu. Huko Pemba haonekani mtu wa kuuona, hata kwa darubini. Nyinyi Idi yenu ni kesho kutwa, pika pole pole."

"Hesabu zako ni zako," alisema Kazija, "lakini usafi wa ishirini na tisa haungoji hesabu." Akavuta mpini.

Kilomita elfu moja za vioo zikalala chali kwa pamoja. Ulikuwa mwendo wa kupendeza, Mutheu mwenyewe aliacha chai yake akasogea dirishani. Vioo vikaanza kutetemeka, vumbi likaruka na kuanguka pembeni, na kila kioo kikabaki kinameremeta. Kikundi kimoja tu, cha kumi na saba, kiligoma. Mota yake ilikuwa imekufa tangu mwezi uliopita, vikabaki vioo mia vimesimama katikati ya wenzao waliolala. Kazija alivitukana kidogo, kisha akakumbuka amefunga, akaomba msamaha. Magharibi ya Pemba ilipofika alifuturu kwa tende tatu pale pale kitini. Saa moja kasoro robo aliviinua vyote, safi kabisa, akajisikia mtu.

*

Saa moja na dakika kumi spika za mji mzima zililia. Sauti ya Shaame ilitoka ikiwa imejaa furaha mpaka inapasuka.

"Jamani! Mwezi umeandama! Umeonekana Pemba, kadhi ameshapokea ushahidi. Kesho Idi!"

Ukingoni ikalipuka. Watu walitoka vyumbani wakikumbatiana, na huko uzito ukiwa mdogo, mtu akikukumbatia kwa nguvu mnapaa wote wawili mkagonga dari. Harufu ya vitunguu vya kukaanga ilianza kutembea korido. Mutheu alikuja mbio, nywele zimesimama.

"Haiwezekani," alisema. "Kazija, haiwezekani! Bara nzima kuna mawingu. Nani ameuona?"

Shaame aliisoma taarifa kwa sauti. Pwani nzima ilikuwa imefunikwa na mawingu, isipokuwa upenyo mmoja mdogo magharibi mwa Kidongoni. Aliyeuona wa kwanza na kuwaonesha wenziwe wawili alikuwa mzee Khatibu bin Ngwali.

"Mjomba!" Kazija alipiga kigelegele hapo hapo, machozi yakamtoka. "Ni mjomba wangu! Kaka yake mama! Mutheu, wewe hujui tu!"

Na kweli Mutheu hakujua, basi akasimuliwa. Mwaka jana mzee Khatibu alikwenda mbele ya watu akaapa ameuona mwezi. Wenzake wakatazama, hakuna kitu. Daktari akampima, akamkuta na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hapo mji ukamcheka. Wakasema aliona kope yake mwenyewe, na kuanzia siku ile akaitwa Bwana Kope. Vijana walimpigia miluzi. Miezi mitatu mzee hakutia mguu barazani. Kahawa alikuwa akinywa peke yake uani, na mtu wa Kidongoni anayekunywa kahawa peke yake ni kama maiti anayengoja kuoshwa. Baadaye alikwenda kufanyiwa upasuaji, macho yakarudi. Lakini jina likabaki.

"Sasa wamwite tena Bwana Kope!" alisema Kazija huku akipiga simu, spika wazi. "Wathubutu!"

Kuzungumza na watu wa Duniani kunataka subira. Unasema, unangoja karibu sekunde tatu, ndipo jibu linafika. Mwanzoni walikuwa wakigongana maneno kama mbuzi. Mzee Khatibu akatunga dawa yake: kila akimaliza zamu yake husema "nimemaliza", na ole wako umkatize.

"Shikamoo mjomba! Hongera! Nimemaliza."

"Marahaba mwanangu, marahaba!" Nyuma yake kulikuwa na vicheko na milio ya vikombe. "Unasikia hizo kelele? Baraza zima liko hapa. Kadhi mwenyewe kanikalisha ubavuni pake. Yule Sharifu aliyeanzisha lile jina, kaja kunibusu mkono, wallahi, mbele ya watu! Nimemaliza."

Kazija alicheka mpaka akakaa chini. "Nieleze ulivyouona, mjomba."

"Mwembamba kama uzi. Lakini mkali, mwanangu, mkali! Sijapata kuuona mwezi mchanga unang'aa namna ile. Umekaa dakika kama ishirini, halafu ukazimika ghafla kama mtu aliyepuliza taa. Nikasema labda wingu. Na umekatika, una pengo dogo upande wa kusini, kama mtoto aliyeng'oka jino. Wenzangu hawakuliona hilo pengo, mie nimeliona. Haya macho mapya haya! Nimemaliza."

Kazija aligeuka kumtazama Mutheu.

"Kazija? Simu imekatika? Nimemaliza, nakwambia."

"Nipo, mjomba. Nakupigia sasa hivi." Akakata simu.

*

"Umezimika saa ngapi?" Mutheu alikuwa ameshaelewa, kalamu iko mkononi. Mpimaji ni mpimaji.

"Saa moja kasoro robo. Nilipoviinua."

"Na pengo la kusini ni kundi la kumi na saba."

"La kumi na saba."

Mutheu alichora kwenye kikaratasi. Jua chini kabisa mashariki, Dunia chini kabisa magharibi, na katikati vioo elfu nne vimelala chali. Mwanga unakuja umelala, unateleza juu ya kioo, unakwenda zake moja kwa moja Duniani, vile vile paa la bati linavyomchoma macho mtu wa kilima cha pili jua linapokuchwa. Na kwa kuwa vioo vimefuata ukingo wa Mwezi, mwanga ulitoka na mpindo wa mwezi mchanga.

"Kumbe ndiyo sababu ya mia mia," alisema Mutheu taratibu. "Si umeme."

Shaame aliitwa. Alisikiliza habari yote amesimama, mwiko wa biriani mkononi, na uso wake mnene ukapungua kidogo kidogo. Alipomaliza kusikiliza alifunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu."

"Basi na tuwe sisi watatu." Akakaa. "Kazija, nisikilize. Mzee hakusema uongo. Kaona mwanga, kashuhudia, kadhi kakubali. Dhambi iko wapi hapo? Pwani nzima wameshakoleza moto, watoto wameshapigiwa nguo pasi. Weye utawaambia nini? Epueni sufuria jikoni, mwezi wenyewe ulikuwa mie napangusa vioo?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo, ndiyo. Haya, na mjomba wako? Mwaka jana kope. Safari hii watamwitaje? Wewe mwenyewe umetusimulia, kakaa miezi mitatu ndani. Ana miaka mingapi?"

"Sabini na tisa."

"Unamuua," alisema Shaame, na hakuwa anatania.

Kazija alimgeukia Mutheu. "Sema na wewe."

"Mimi si wa dini yenu, sitaki kuingilia," alisema Mutheu. "Lakini nikikosea kipimo, hata kama kila mtu amekifurahia, naandika upya. Nisipoandika, kesho yake sijui tena niko wapi."

Kazija alisimama dirishani. Dunia ilikuwa imekaa pale pale, nzuri, imejaa, wala haina habari. Alijaribu kukitafuta kisiwa, akaona mawingu tu. Alilijua jambo moja vizuri sana, na alitamani asingelijua. Mjomba ameona na hakujua. Kadhi hakujua. Watu wa pwani yote, kesho wakila mchana, watakula hawajui, na Mungu ni mwenye kusamehe. Lakini yeye anajua. Saumu zote zile zitakuwa shingoni mwake, na hata biriani ya Shaame haitapita kwenye koo lenye mzigo kama huo. Na akisema? Akisema, ni yeye, mpwa aliyelelewa na mzee yule, aliyefundishwa naye kusoma saa na kupiga mbizi, ndiye atakayemrudisha mzee uani na kikombe chake.

Wala hakuifikiria kazi yake. Kwamba atanyang'anywa vioo kwa kuvunja kanuni, hilo lilimpita kichwani kama nzi tu.

"Wakiambiwa sasa, bado wanawahi kula daku," alisema mwishowe. "Tukingoja kesho, hakuna cha kurudisha."

"Basi mpigie kadhi," alisema Shaame kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Angalau mzee asikie kutoka kwa mwingine."

"Mpaka leo sijamfanyia mjomba jambo la nyuma ya mgongo." Kazija akaishika simu. "Nampigia yeye. Atakavyoamua yeye, hivyo."

*

"Mjomba, kwanza ondoka hapo barazani."

"Niondoke? Sema tu, hapa pana watu wetu. Wananisikiliza mie leo, hawanikatizi hata neno! Nimemaliza."

"Nakuomba mjomba. Nenda pembeni, peke yako."

Alisikia kanzu ikipapatika, makobazi yakiburuta kwenye changarawe, kisha maji yakidondoka mahali. Kazija alilijua lile tangi la kutilia udhu, nyuma ya msikiti.

"Haya. Mama yako mgonjwa? Wewe mgonjwa? Nimemaliza."

Akamwambia. Hakupamba wala hakuzunguka, maana angezunguka angelia. Alimwambia juu ya vumbi, kanuni, vioo elfu nne, jua lililolala, kundi la kumi na saba, saa moja kasoro robo. Alimwambia kwamba kosa ni lake mwenyewe, si la macho ya mjomba, na macho ya mjomba yameona sawasawa kile kilichokuwepo. "Ni mimi niliyekosa," alisema. "Nisamehe. Nimemaliza."

Sekunde tatu zikapita. Zikapita nyingine tatu. Mutheu aliitazama saa yake, Shaame akautazama mwiko wake. Maji yalikuwa yanadondoka kule, tone, tone. Kazija aliwaza kwamba angeweza kunyamaza, kwamba hivi sasa mzee angekuwa barazani anacheka.

"Vioo vingapi, umesema?"

"Elfu nne, mjomba. Vilivyolala ni elfu tatu na mia tisa."

"Na hilo ndilo nililoliona mie? Kutoka hapa?"

"Ndilo. Laki nne na kitu za kilomita."

"Na weye ulikuwa wapi wakati huo? Ofisini, mbali?"

"Hapana. Nilikuwa hapo hapo, kwenye kiti changu, pembeni ya vioo. Nilikuwa nafuturu."

Ikaja sauti ambayo Kazija hakuitambua mara moja. Alidhani mzee analia. Kisha ikawa kubwa zaidi, na akaisikia vizuri. Mzee Khatibu alikuwa anacheka. Analia pia, lakini anacheka.

"Miaka sita, Kazija," alisema. "Miaka sita tangu uondoke. Kila mwezi ukiandama mie napanda kile kilima. Si Ramadhani tu, miezi yote. Watu wanadhani natafuta tarehe. Tarehe si wanazo kwenye simu zao? Mie nilikuwa nakutafuta weye. Najua mtu haonekani, sina wazimu. Lakini nilikuwa nasema, labda taa. Labda moshi wa jiko. Kitu kidogo tu kinambie mtoto yupo. Mwaka jana nilitaka kuona sana mpaka nikaona kisichokuwepo, wakanicheka, na haki yao. Leo..." Akashindwa, akavuta pumzi. "Nimemaliza."

Kazija alivuta makamasi.

"Usilie huko, maji yataharibu mitambo," alisema mzee, sauti ikiwa imepata nguvu. "Umefanya vyema kunambia. Ungeninyamazia ningekuja kujua siku moja, na hapo ndipo ningekufa. Usikate simu, naiweka mfukoni. Kadhi yuko barazani na kahawa yake, nataka asikie kabla hajaimaliza."

Kanzu ikapapatika tena, safari hii kwa haraka. Kukawa na minong'ono, sauti nzito ikauliza, "Una hakika, Khatibu?", na mzee akajibu, "Zaidi ya nilivyokuwa magharibi." Kisha milango, hatua, na kishindo cha kidole kikigonga kipaza sauti. Kazija aliifungulia simu spika. Shaame akaweka mwiko chini.

"Enyi watu wa Kidongoni, na wote mnaonisikia. Ni mimi Khatibu bin Ngwali niliyeshuhudia leo magharibi. Nashuhudia tena, na kadhi amesimama hapa ananisikia. Mwezi haujaandama. Kesho tunafunga, tunatimiza thelathini. Taarifa inatumwa sasa hivi kila mahali ilikopelekwa ile ya kwanza. Nilichokiona ni vioo vya huko huko Mwezini. Mpwa wangu Kazija alikuwa anafanya usafi wa Idi. Yule mtoto wa dada yangu, mnamjua nyote. Nimemwona. Mzima, yuko kazini, na nyumba yake inang'aa."

Kazija alifumba macho akingoja miluzi.

Ya kwanza kusikika ilikuwa sauti ya mwanamke, kali, kutoka nyumba za jirani. "Na pweza wangu niliyekwisha kumuunga nazi, nimpeleke wapi?"

"Mle daku!" akajibu mwanamume, na baraza zima likaangua kicheko. Watu walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja, milango inafunguka, mtu anaitwa azime moto. Kazija alisikia mtu anauliza kama ni kweli, vioo, kutoka hapa, kwa macho matupu. Na akaitambua sauti ya Sharifu, yule yule wa mwaka jana, imesogea karibu na kipaza sauti.

"Mzee Khatibu, Idi ikishapita, mwambie basi avilaze tena kidogo. Tupande sote kilimani utuoneshe, na sisi tumsalimie."

"Nitawaonesha," alisema mzee. "Lakini njooni mapema, mnikalie nyuma, msinizibe."

Shaame alikuwa tayari ameshaishika spika ya mji, anakohoa, anatafuta maneno ya kuwaeleza watu mia tisa kwamba biriani imekuwa daku. Mutheu hakusikia yote, Kiswahili cha Pemba kilikuwa kinamkimbia hasa watu wakisema kwa haraka. Alimshika Kazija bega akainama kumtazama usoni, maana machozi huko Mwezini hayaanguki upesi, yalikuwa yamemkaa mashavuni kama shanga.

"Wamekasirika sana?" aliuliza. "Anasema nini mzee?"

Kazija alitikisa kichwa, akajifuta kwa mkono wa nguo, akaanza kucheka kabla hajaweza kusema.

"Anasema ameniona."